Mbwa ana mabaka ya duara, uwanja mzima umemgeuka: nimfukuze?

Dokta, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, nimepanga chumba na sebule Kihonda, Morogoro. Tupo wapangaji wanne uani, mama mwenye nyumba anakaa nyumba ya mbele. Mwezi wa tatu wapangaji wenzetu walihamia Dodoma wakamwacha mbwa wao bila kumwachia mtu wala kuaga. Akawa analala mlangoni kwao, kufuli limeshabadilishwa. Nikaanza kumpa ukoko wa ugali na maji, mwisho akahamia kwangu. Anaitwa Bobi, ingawa ni jike. Jina alikuja nalo.

Alipokuja alikuwa na baka dogo juu ya jicho la kushoto, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, halina manyoya. Likapanuka likawa duara kabisa, katikati kijivu, pembezoni kuna magamba kama mba na wekundu kwa mbali. Likatoka lingine sikioni, halafu mguu wa mbele. Hajikuni sana.

Jirani mmoja alisema ni ukurutu, nimpake oili chafu ya gari. Sikumpaka, harufu tu ilinishinda. Kijana wa duka la dawa za mifugo akaniuzia dawa ya kuogeshea kupe, akaja na nyumbani akamchoma sindano, akasema hiyo inamaliza minyoo na ukurutu vyote. Hakuna kilichobadilika. Duka la dawa za binadamu wakanipa krimu, ile ya mchanganyiko ambayo watu wanapaka kwa kila kitu. Mwanzoni wekundu ukapungua nikafurahi, halafu mabaka yakatawanyika hadi mgongoni. Sasa shangazi yangu wa Masasi anasema atanitumia salfa ya mikorosho.

Dokta, na mimi nimetoka duara ndani ya mkono karibu na kiwiko, linawasha usiku. Mtoto wa Mama Juma, yuko darasa la kwanza, ana mapunye. Mama Juma alisimama katikati ya uwanja, watu wote wanasikia, akasema mbwa wangu ndiye aliyemletea mwanawe, na nisipomwondoa ataita watu waje wampige. Mama mwenye nyumba si mtu wa kelele. Aliniita pembeni akaniambia mwezi usiishe huyo mbwa yupo, la sivyo nitafute chumba kwingine. Na huyu mama nampenda, kodi ikichelewa ananivumilia. Yeye mwenyewe anafuga paka, tena paka huyo ndiye rafiki wa Bobi, mchana wanalala kwenye gunia moja chini ya meza yangu ya kushonea.

Kwa mengine Bobi hana tatizo. Anakula vizuri, amenawiri, hata tumbo limeanza kujaa. Usiku akibweka najua kweli kuna mtu.

Naomba unisaidie. Hii ni fangasi au ni kitu kingine? Dawa ni ipi? Ni kweli mtoto kaambukizwa na Bobi? Kuna mtu ameniambia nipande naye lori nikamwachie njia ya Mikumi, huko atajitafutia. Sitaki, ila pia sitaki kuhamishwa.

Fundi wa Kihonda

*

Marahaba, mwanangu.

Katika barua yako kuna mambo mawili umeyataja ukipita tu, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko mengine yote: paka, na tumbo la Bobi. Nitayafikia.

Kwanza ugonjwa. Baka la duara lisilo na manyoya, magamba pembezoni, mbwa hajikuni sana, na binadamu anayekaa naye ametoka duara linalowasha: ukiniuliza nibahatishe, nitasema fangasi. Lakini Bobi ameshabahatishiwa vya kutosha. Kuna wadudu wadogo wa ngozi wanaoitwa demodeksi, nao wanapenda kuanzia usoni kuzunguka macho, nao hawawashi sana, na mabaka yao ukiyatazama kwa macho huwezi kuyatofautisha na haya. Kuna bakteria wa ngozi wanaochora duara zuri lenye magamba hadi mtu anaapa ni fangasi. Ukurutu wenyewe, ule wa kujikuna usiku kucha hadi damu, huanzia kingo za masikio, viwiko na tumboni, kwa hiyo huo naupa nafasi ndogo. Hesabu walioshika dawa mpaka sasa: jirani, kijana wa duka, muuza dawa, shangazi. Hakuna hata mmoja aliyeng'oa unywele mmoja wa Bobi akautazama.

Wewe unakaa mji wenye bahati. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko hapo hapo chini ya Uluguru, kina hospitali ya wanyama, na madaktari wengi wa mifugo wa nchi hii tumepita mikononi mwao. Mpeleke huko, au kwa daktari yeyote wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari mwenye hadubini mezani. Usimwogeshe wala kumpaka kitu siku chache kabla ya kwenda, maana dawa inaficha kinachotafutwa. Wataikwangua ngozi kidogo kutafuta wadudu. Watang'oa manyoya ya ukingoni mwa duara, kwa sababu fangasi husogea kutoka katikati kwenda nje, na pale katikati palipo wazi mara nyingi ameshapita. Halafu waulize kama wanaweza kuotesha. Kuotesha ni hivi: wanachukua mswaki mpya wa meno, wanamswaki mbwa mwili mzima kwa dakika mbili tatu, kisha wanaugandamiza kwenye kisahani chenye chakula cha fangasi na kusubiri waone kitaota nini. Haiumi, haihitaji kufunga mdomo. Ubaya wake ni kusubiri, inaweza kwenda wiki mbili hadi tatu.

Wengine watamulika kwa taa ya zambarau gizani. Manyoya yenye aina fulani ya fangasi hung'aa kijani cha tufaha, na ukiiona mara moja huisahau. Aina nyingine haing'ai kabisa, kwa hiyo asipong'aa bado hajasafishika. Na tafadhali usiende kuazima ile taa ya wakala ya kukagulia noti. Mba, vumbi na mabaki ya krimu navyo hung'aa, utarudi na jibu lako mwenyewe.

Sasa hayo uliyokwisha kumpa. Dawa ya kupe inaua kupe, fangasi haimgusi. Sindano ile huenda ilikuwa ivermektini, ambayo ni ya minyoo na wadudu, nayo pia haina kesi na fangasi. Rudi kwa kijana yule kwa upole, mwombe akuandikie jina la dawa na tarehe, uende nalo kwa daktari. Si kwa ajili ya kumshitaki. Dawa kadhaa za fangasi za kumeza, ketokonazoli hasa, hazitakiwi kukutana na ivermektini mwilini mwa mbwa, kwa sababu zinaifanya ikae muda mrefu na iingie hata kwenye ubongo.

Ile krimu ya mchanganyiko kwa kawaida ina vitu vitatu ndani ya tyubu moja: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi. Steroidi ndiyo iliyokufurahisha mwanzoni. Inazima wekundu na muwasho, na wakati huo huo inawafunga mikono askari wa mwili waliokuwa wanapambana na fangasi. Ndiyo maana ngozi ikatulia, mabaka yakapanda mgongoni. Ingekuwa demodeksi ingekuwa mbaya zaidi. Kwenye mkono wako pia usiipake.

Oili chafu, umefanya vema kufuata pua yako. Ina mabaki ya petroli na metali, inaunguza ngozi, na mbwa ataramba kila ulichompaka. Salfa ya shangazi ni ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, na kwa ubwiriunga inafanya kazi nzuri. Bobi si mkorosho. Ipo dawa ya kuogeshea wanyama yenye salfa na chokaa ambayo madaktari huitumia kwa fangasi, lakini inatengenezwa na kupimwa kwa ngozi ya mnyama. Usijaribu kuikoroga uani.

Tunakuja kwenye tumbo.

Jike aliyeachwa mlangoni, anazurura, hakufungwa kizazi kwa kadiri unavyojua, amenawiri na tumbo linajaa. Inaweza kuwa minyoo. Inaweza kuwa ugali wako. Lakini mimi nikisikia hivyo nauliza mimba, na nauliza kabla ya kuandika dawa yoyote. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na kuanzia kama wiki ya nne kipimo cha picha cha ultrasaundi kinaonyesha watoto na mioyo yao ikidunda. Griseofulvini, vile vidonge vya mapunye vinavyojulikana, vinaharibu viumbe tumboni, na hata mwanamke mjamzito hatakiwi kuvitumia. Itrakonazoli na ketokonazoli nazo hatumpi mbwa mwenye mimba. Kwa hiyo ukienda kwa daktari, sentensi ya kwanza isiwe "ana fangasi". Iwe "naomba kujua kama ana mimba".

Kama anayo, tiba yote inahamia kwenye beseni. Kama hana, daktari ataongeza dawa ya kumeza, mara nyingi itrakonazoli au terbinafini, na hapo uzito ndio unaopanga dozi. Huna mzani wa mbwa? Panda naye kwenye mzani wa duka la dawa ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Flukonazoli inayouzwa kila kona ni dhaifu kwa fangasi wa manyoya, usiinunue kwa sababu tu ni rahisi. Dawa ya kumeza ndiyo itakayokuuma mfukoni kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo mwambie daktari mapema una kiasi gani. Hakuna aibu. Mbwa mzima wa afya mwili wake unaweza hata kumshinda fangasi bila dawa kwa miezi kadhaa, na tungeweza kusubiri kama ungekuwa unaishi peke yako shambani. Uani kwenye watoto hatusubiri.

Kuogesha ni mara mbili kwa wiki, kwa shampuu yenye mikonazoli na kloheksidini, au nyingine ya fangasi daktari atakayoipata. Fanya asubuhi jua likiwa limetoka, maana mbwa anayelala na unyevu anampa fangasi nafasi. Vaa glavu, au mifuko ya nailoni mikononi kama glavu hazipo. Mloweshe vizuri, mpake povu mwili mzima, si kwenye mabaka tu, kwa sababu vijimbegu vimeshatapakaa kwenye manyoya yanayoonekana mazima. Halafu povu likae dakika 10 kwa saa ya simu. Dakika 10 ni ndefu mno ukiwa umemshika mbwa aliyelowa anayetaka kujikung'uta. Weka dagaa wakavu kwenye kikombe, mpe mmoja mmoja, mmoja kila anapotulia, hadi muda uishe. Lile baka la juu ya jicho lipitie kwa kitambaa, povu lisiingie. Suuza, kausha kwa taulo lake mwenyewe, mwache juani.

Andaa moyo kwa wiki sita au zaidi. Manyoya yataanza kurudi kabla fangasi hajaondoka, na hapo ndipo watu wengi wanaacha dawa, mwezi unaofuata wananipigia simu. Kanuni tunayoifuata ni kuacha baada ya vipimo viwili vya kuotesha mfululizo kutoka bila kitu. Kama hela haitoshi viwili, kubaliana na daktari kipimo kimoja kifanyike lini, lakini usijipe ruhusa mwenyewe kwa kutazama manyoya.

Na meza yako ya kushonea. Mwanangu, hapa ndipo nitakuwa mkali kidogo. Bobi atoke chumba cha kazi leo, kabla hata ya daktari. Vijimbegu vya fangasi vinasafiri juu ya unywele na magamba, na pakiwa pakavu na pametulia vinaweza kukaa hai hata miezi 18. Unashona sare za shule bila shaka, maana fundi gani wa mtaani hashoni. Unywele mmoja kwenye mshono wa kaptula unaenda kwenye nyumba ambayo hujawahi kuiona. Gunia lile lichome moto. Sakafu usiifagie kavu, utarusha vumbi lote hewani: nyunyiza maji kwanza, fagia, kisha deki kwa sabuni. Baada ya hapo ndipo upitishe klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa tisa vya maji, ikae dakika 10, usuuze. Klorini juu ya uchafu haifanyi kitu, na kwenye ngozi ya mbwa au yako isiguse kabisa. Mapazia, mto wa kiti na nguo zako zifue kwa maji mengi na kuzisugua, mara mbili, uanike juani. Vitambaa vya wateja vikae kwenye mfuko uliofungwa. Uwanja wa udongo huwezi kuusafisha kwa dawa, hata mimi siwezi, kwa hiyo Bobi akae sehemu ya saruji ambayo unaweza kuiosha, kamba ndefu, kivuli, maji, na kitambaa chepesi cha kulalia unachofua kila unapomwogesha.

Mkono wako upeleke zahanati. Kwa duara moja la ngozi ya mkono mara nyingi wanatoa krimu ya fangasi tupu, klotrimazoli au terbinafini. Ipake ipite ukingo wa duara, na uendelee hata baada ya kuona limepotea, kama watakavyokuelekeza.

Kuhusu mtoto wa Mama Juma, siwezi kukupa jibu la ndiyo au hapana, wala Mama Juma hawezi. Mapunye mengi ya watoto wa shule yanatoka kichwa kwenda kichwa: mashine ya kunyolea isiyosafishwa, kofia za kubadilishana, kitana kimoja, kulala mto mmoja. Fangasi wa aina hizo ni wa binadamu, mbwa hana habari nao. Mapunye ya kutoka kwa wanyama nayo yapo, tena kwa watoto hasa. Ulizia yalianza lini. Kama kichwa cha mtoto kilikuwa na mabaka mwezi wa pili, Bobi alikuwa bado wa wapangaji wengine, na mlangoni kwako hajafika, ingawa uwanja ulikuwa ule ule. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba mapunye ya kichwani yanataka dawa ya kumeza ya hospitali, kwa uzito wa mtoto. Krimu haifiki kwenye shina la unywele ndani ya ngozi. Mtoto anaweza kupakwa mwaka mzima wakati mama anagombana na mbwa.

Usimjibu Mama Juma uwanjani. Ngoja jioni, piga hodi kwake, mwambie umesikia, umempeleka Bobi kwa daktari, na umeambiwa mtoto apate vidonge. Mimi kwa maoni yangu ningechangia nauli ya kwenda hospitali. Utasema hiyo ni kukubali kosa. Hapana, ni jirani anachangia mtoto wa jirani, na mkirudi na jibu, lolote litakalokuwa, mtalisoma mkiwa mnaongea.

Halafu paka. Fangasi anayeongoza kwa mbwa anaitwa Microsporum canis, na makao yake makuu ni paka. Paka anaweza kumbeba kwenye manyoya akiwa anapendeza, hana hata baka moja, huku anawagawia wenzake. Paka wa mama mwenye nyumba analala gunia moja na Bobi, anapanda kochi la mbele, na sitashangaa kama watoto wa uwanja mzima wanambeba. Inawezekana amempata kwa Bobi. Inawezekana kabisa Bobi ndiye aliyempata kwake, na jumba bovu limemwangukia mbwa kwa sababu hana wa kumsemea. Kwa tiba haijalishi nani alianza. Ukimtibu Bobi peke yake ukamwacha paka, wiki ya nane utakuwa unaniandikia barua hii hii.

Sasa utamwambiaje mama anayekuvumilia kodi kwamba paka wake ni mshukiwa? Humwambii hivyo. Subiri uwe na karatasi ya daktari mkononi, uende nayo nyumba ya mbele, mwamkie, ukae. Mwambie, "Mama, nimempeleka Bobi hospitali, ugonjwa wameuona na dawa tumeanza. Daktari amesema wanyama waliolala pamoja wapimwe pamoja. Naomba ruhusa nimpeleke na paka, gharama ni yangu." Mweleze kuhusu mswaki. Paka wengi wanapenda kuswakiwa, na mama akimwona paka wake anafumba macho kwa raha hatakuwa na cha kupinga. Hujamshutumu mtu. Na mama mwenye nyumba akishajua paka wake naye yumo kwenye vipimo, lile sharti la mwisho wa mwezi litakuwa gumu kulishikilia. Omba wiki sita, si msamaha. Mwonyeshe pale kwenye saruji unapomfunga, mwonyeshe gunia halipo. Ila usimwogeshe paka kwa dawa yoyote ya mbwa bila daktari kuitaja, hasa zile za kupe na viroboto, zipo zenye permethrini ambayo kwa paka ni sumu.

Njia ya Mikumi, sahau. Mbwa wa kufugwa akishushwa porini ama analiwa na chui au fisi, ama anafika kijiji kingine na fangasi wake, ama anawapelekea wanyama wa hifadhi magonjwa ya mbwa. Mwaka 1994 homa ya mbwa iitwayo distempa iliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, na uchunguzi ulielekeza kidole kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Huyo aliyekushauri hana nia mbaya, anataka tu tatizo lisionekane.

Lingine, ambalo linanitia wasiwasi kuliko mabaka yote: kadi ya chanjo. Wale waliohamia Dodoma kama wana namba, wapigie uulize. Kama hakuna kadi, mhesabu Bobi hajachanjwa kichaa cha mbwa, na siku ile ile ya hospitali uombe achanjwe, daktari ataamua kulingana na hali ya tumbo. Fangasi anawasha, kichaa cha mbwa kinaua. Halmashauri nyingi huchanja mbwa kuelekea Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, lakini usingoje Septemba. Na mtoto yeyote pale uani akiumwa na mbwa, awe Bobi au mwingine, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali moja kwa moja. Kadi hiyo ukiipata ionyeshe kwa mama mwenye nyumba pia, wenye nyumba wanapenda karatasi.

Minyoo atapewa dawa hapo hapo.

Ikiwa ni watoto kweli, watazaliwa kwenye mwili wenye vijimbegu na watavipata, watoto wa mbwa ndio wepesi wa kushikwa. Mwambie daktari mapema ili beseni liendelee hadi karibu na kuzaa, na mahali pa kuzalia pawe pale kwenye saruji, paoshwe kwanza. Watu wataanza kukuomba watoto wakiwa hata macho hawajafumbua, na Mama Juma huenda akawa mmojawao. Usigawe hata mmoja kabla ya wiki nane na kabla mswaki haujatoka bila kitu. Wakiacha kunyonya, mrudishe Bobi akafungwe kizazi.